Nyasi za Igoki

Mwaniki mjukuu wangu,

Nyanya yako ni mzima, bado ananigombeza. Ile riwaya uliyotuma, mkasa wa Wagiriki wa kale uliovalishwa suti za leo, nimeimaliza na imenichosha roho. Waziri anakataza maiti isizikwe, mpwa wake anaizika, basi kila mtu anakufa. Unauliza kama msichana wa kweli angethubutu.

Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, hapa Manyatta, kaka wa msichana mmoja, Igoki, alitolewa msituni alikokuwa akipigana, akiwa maiti, akalazwa kando ya barabara. Chifu, baba yao mdogo, akatangaza kwamba atakayemzika atapigwa risasi. Asubuhi tukipelekwa kuchimba matuta, Igoki akatoka kwenye mstari, akang'oa nyasi, akamwekea kifuani. Homgadi mmoja, askari wa chifu, akainua bunduki.

"Wewe, hukusikia amri?" chifu akafoka.

"Baba, sijazika. Kwetu ukikuta maiti njiani unaiwekea majani, ndio upite. Na wewe umemwona tangu jana."

Tukangoja mlio. Chifu akatazama miguu yake, kisha akainama, akang'oa nyasi, akaweka. Basi sote tukafuata, hata homgadi, mpaka maiti ikafunikwa yote.

Afisa mzungu alipofika akauliza ni nani amefanya hivyo. Chifu akamjibu kwamba ni upepo.

Sasa huyo waziri wako, kurasa zote hizo anabishana na mtoto, kwao hakuna upepo?

Ni mimi, guka wako