Bega la Kulia

Shangazi yangu,

Sisi wazima, na paka amezaa kabatini. Mimi nimeachishwa mpira wa kikapu na riadha. Baba, ambaye sasa ndiye kocha wangu, anasema, "Wewe ni wa kuogelea tu, hayo mengine yanakuchelewesha." Bega la kulia linauma mpaka nachana nywele kwa mkono wa kushoto. Juzi mkono ulikufa ganzi katikati ya bwawa, nikanywa maji. Baba akacheka: "Bingwa gani huyu anadeka kama kitoto kichanga!"

Jumamosi ni mchujo. Shangazi, naogopa kuzama. Wewe ni dada yake mkubwa, mpigie unitetee, ila usimwambie nimelia. Akikataa, mwambie basi asiniondolee macho nikiwa majini.

Ni mimi, mwanao mwoga