Andika Taa, Sauti Toa

Jumanne, 5 Septemba 2000

Mgao wa stima tena. Lifti imekufa, nimepanda ngazi hadi ofisini na goti hili bovu. Mkubwa kanitupia faili mpya. Watu wa mtaa wa Jamhuri wanalalamika: taa nyeupe inasimama juu ya uwanja wa maonyesho jioni, stima ikipotea. Wizara inataka maelezo kabla magazeti hayajaanza kelele. Kwa nini mimi? Eti kwa sababu ninaishi huko.

Sikumwambia nimeiona. Wiki iliyopita nilikuwa uani naanua nguo, ikasimama pale juu, na nikaitwa. "Baba Nekesa, chai inapoa." Sauti ya Rispa, mke wangu. Tulimzika Desemba.

Sikuitika. Nyanya alitulea hivyo: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Ukiitika umekubali kwenda.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimehoji majirani. Wote wanaanza na taa. Ukingoja chai iishe wanashusha sauti: waliitwa. Mwalimu wa watoto kanisani aliitwa na dadake marehemu, akakimbia kujifungia bafuni. Mtu mzima!

Mama Njeri, mwenye nyumba wangu, aliitwa na Njeri mwenyewe, binti yake aliyekufa kwa ajali. Nikamuuliza alifanya nini.

"Si niliitika. Mtoto akuite unyamaze, kwani wewe ni mama wa aina gani?"

Alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona akicheka tangu tuhamie kwake. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Septemba

Mkubwa amesoma ripoti, amekasirika. Kila penye sauti amepiga mstari. "Wewe, andika taa. Hiyo maneno ya sauti toa. Unataka watu wa usalama watuulize kama tunalewa kazini?"

Jibu lilikuwa tayari hata kabla sijatumwa. Baluni ya hali ya hewa. Faili ifungwe wiki ijayo. Nikasema sawa, bosi. Mwoga mimi. Nimepitia maduka ya Hurlingham kununua mishumaa.

Jumapili, 10 Septemba

Mama Njeri hakuja kanisani. Tuliporudi tulimkuta uani kwenye kiti, ameangalia upande wa uwanja. Amevaa viatu vyake vizuri na kufunga kitambaa kichwani, kama mtu wa safari. Baridi kabisa. Daktari anasema ni moyo. Haya, moyo.

Na bado, jioni stima ilipopotea, nilitoka nje kungoja. Aibu gani hii. Nekesa yuko darasa la sita, hana mwingine duniani, nami babake nimesimama uani natamani kuitwa.

Taa ikaja. Rispa akaita. Nimechoka kunyamaza, nilisema moyoni, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nekesa akanivuta shati kwa nyuma.

"Baba, mbona mama anakuita kila siku na wewe unamnyamazia?"

Kumbe naye anasikia. Nilimbeba ndani, na vile alivyo mkubwa.

Jumatano, 13 Septemba

Nimetia sahihi. Baluni. Mkubwa kanipa mkono, kaniita mtu mwenye busara. Lione jinga hili.

Jioni stima ikapotea. Tulifunga madirisha, tukawasha mshumaa, tukakaa kitandani pamoja. Nilijua Rispa ataita. Nilikuwa nimejiandaa.

Safari hii hakuniita mimi. Aliita Nekesa. Polepole, vile alivyokuwa akimwamsha kwenda shule.

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Alijaribu kukiondoa, nikamshika zaidi. Machozi yake yakapita katikati ya vidole vyangu. Rispa akaita tena, kisha kukawa kimya.

Stima iliporudi mtoto aliniuliza kama mama atakasirika. Nikamwambia hapana.

Sijui.