Haji Bidin na Jua la Mnarani

Rosnani, upo? Shoga, acha hivyo vyombo unisikilize.

Unajua baba mkwe wangu, Haji Bidin, amemkataa mchumba wa shemeji yangu Hazwan miezi minne, eti Afiqah hajui dini. Leo tukawakutanisha, tufuturu wanne juu kabisa ya mnara wa mawasiliano, kule kwenye vioo unakoiona Kuala Lumpur nzima.

Adhana ikalia kwenye simu ya Haji. Akatupia tende mdomoni, akashushia glasi nzima ya sharubati ya waridi. Glasi NZIMA.

Afiqah katulia, tende yake mkononi. Haji akamkaripia watu wote wasikie, "Kuharakisha kufuturu ni suna! Kwenu hamkufundishwa?"

Binti akasema taratibu, "Samahani, Baba. Hebu tazama nyuma yako."

JUA, Rosnani. Jua jekundu, limejikalia upande wa Klang, linamtazama. Adhana ile ni ya watu wa chini! Huku juu jua linachelewa kuzama, na tangazo limebandikwa mlangoni pa lifti. Nilipomsomea kabla ya kupanda, aliniambia, "Unanifundisha saumu, mimi?"

Haji kabaki na kokwa ya tende shavuni. Hatemi, hamezi.

Afiqah akamsogezea kitambaa. "Siku ya kuilipa saumu hii, Baba, nitafunga na wewe."

Lifti ilipoanza kushuka, Haji akakohoa. "Harusi iwe Shawwal. Binti huyu anajua kutunza siri."

Mimi hakuniuliza kama najua.