Mstari wa Mama

Zuhra, uko? Yaani nimemuumbua mama yangu mwenyewe. Sina pa kuuweka uso.

Si nilikwambia nampeleka akachague tableti ya kuchorea, tuhifadhi yale maua yake ya hina? Tumeenda leo. Ile ya kuchora juu ya kioo kaikataa, kachagua ile bapa nyeusi: mkono unachora mezani, macho yanatazama kompyuta.

Mstari wa kwanza ukatokea kule kwenye kompyuta, mkubwaaa, unayumbayumba kama njia ya siafu.

Mama akacheka. Akasema kalamu mbovu. Muuzaji naye, kwa roho safi kabisa: "Hapana mama, ni mkono tu unatetemeka. Ngoja niwashe hii, inanyoosha."

Unatetemeka! Zuhra, mwaka mzima nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka hilo neno.

Akawasha. Mama akachora jani, likatoka limenyooka kama yale ya ujana wake, enzi maharusi wanamfuata hadi kutoka Igunga. Akaliangalia weee. Akasema, "Hili si langu," akailaza kalamu taratibu.

Tumefika mlangoni ndipo akasema, wala hakunitazama:

"Kumbe ndiyo maana siku hizi maharusi mikono wanakupa wewe, mimi naachiwa miguu. Ikafichwe na viatu."

 

Akavua vyake pale kizingitini, akaingia ndani.