Kijerumani cha Neema

Jumatatu, 9 Juni

Mbao kumi na nane nimezipiga randa kabla ya saa nne. Hakuna fundi Gikomba nzima anayenifikia, na vidole ni tisa na nusu tu. Ile nusu nyingine alikula mamba, Mto Nzoia. Na yeye nilimng'oa meno mawili.

Jioni dada yangu Rose amekuja kwangu Makadara akiwa moto. Binti yake Neema yuko gredi ya tisa, amejaza fomu ya masomo ya sekondari ya juu. Sote tulijua ni sayansi, awe nesi. Kumbe amejaza lugha. Na lugha yenyewe Kijerumani! Shule inaruhusu kubadilisha hadi Ijumaa ya wiki ijayo, mzazi au mlezi akienda mwenyewe. Rose hapati ruhusa kazini. "Si wewe husema naibu wa mwalimu mkuu ni mtu wako? Nenda ukambadilishie." Nikasema hiyo kazi ni ya dakika mbili. Naibu nilimtengenezea kabati. Haya, mlango wa kabati.

Lakini kuna kitu hapa. Mtoto haamki tu asubuhi akataka Kijerumani. Kuna mtu nyuma yake.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Mutua, mchongaji tunayegawana naye kibanda. Akaweka patasi chini. Anajua msichana wa Dandora aliyefundishwa lugha miezi sita, akaahidiwa kazi ng'ambo, wakala akapotea na pasipoti yake. "Hivyo ndivyo huanza, mzee. Kwanza lugha."

Jioni nikapita kwa Rose.

Nikamuuliza Neema kijanja, hicho cheti cha Kijerumani kitakulisha? "Anko, wacha hizo. Nakipenda tu." Hakuna mtu hupenda kitu tu. Na kila Jumamosi saa tatu anatoka. Masomo ya ziada, anasema. Ya wapi? Ya nani?

Alhamisi, 12 Juni

Rose sijamwambia. Nachunguza. Niliwahi kumfuata mwizi wa baiskeli kwa miguu kutoka Kaloleni hadi Ruai, hakugeuka hata mara moja.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemfuata hadi Buruburu. Ukumbi wa kanisa. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji nikingoja gari lenye vioo vyeusi, mtu wa suti, mzungu, chochote. Akatoka mama mzee ameshika dasta. "Baba, kama unaingia ingia. Unatisha watoto."

Ni Mwalimu Mutheu. Amestaafu. Alifundisha Kijerumani shuleni maisha yake yote, sasa anafundisha hapa Jumamosi. Watoto watano. Neema hakushangaa kuniona, alisogea tu kwenye benchi. Nimekaa saa nzima. Sikushika hata neno, ingawa kule mtaani wanajua nakisikia.

Mwishoni nikamuuliza wazi. Unawapeleka wapi? Kazi gani iko hapo? Akasema, "Simpeleki mtu popote. Na kazi siwezi kukuahidi." Zamani ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Sasa wanaofanya mtihani wa Kijerumani mwisho wa sekondari ni wachache, shule moja baada ya nyingine zinalifuta somo hili, na hajui kama litakuwepo watoto hawa wakimaliza. Nikasema, sasa faida ni gani? "Iliyonifaa mimi naijua. Ya Neema ataijua Neema."

Nimewahi kuuziwa shamba, simu na dawa ya nywele. Wote waliniahidi. Huyu hakuahidi kitu. Hapo ndipo ananitia wasiwasi kabisa. Huyu ni mjanja wa aina gani?

Jumatatu, 16 Juni

Nikapanga mtego. Mashine yetu ya randa ilikuja mtumba, ina bati la maandishi ya Kijerumani ubavuni. Hilo mwalimu hawezi kuwa amemkaririsha. Vijana wote waliopita hapa niliwaambia limeandikwa kwamba ni fundi mkuu peke yake anayeruhusiwa kuigusa.

Neema alipita kutoka shule, na yunifomu yake. Alipiga magoti kwenye maranda. Akasoma polepole kwa kidole. Neno moja hakulijua, akaliandika mkononi aende kuliuliza. Mengine akatuambia. Usitoe kifuniko cha kisu. Zima mashine kabla ya kuondoa maranda. Ukishazima, kisu bado kinazunguka, ngoja.

Akainuka. Akaangalia mkono wangu.

Mutua alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mamba wako alikuwa Mjerumani!"

Neema hakucheka. Alichukua ufagio.

Mamba hakuwepo. Basi, nimeandika. Lile bati lilikuwa hapo siku ile ya kidole, linaniambia. Miaka yote hii nimekuwa nikilipangusa vumbi.

Jumatano, 18 Juni

Rose amepiga simu mara tatu. Nimeenda shule? Bado. Ana haki, nesi hakosi kazi. Yeye amelea Neema peke yake na hataki kumwona akirandaranda na cheti ambacho hakuna ofisi inakiuliza. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Nimemwambia Neema achukue sayansi, Kijerumani kiwe cha Jumamosi. Akasema, "Anko, shuleni kwetu tumekichagua wanne. Nikitoka, watatu. Hiyo shule itafungua darasa la watu watatu?" Nikahesabu kwa vidole, watatu kweli.

Bado namshuku yule mama. Lakini namshuku kidogo.

Ijumaa, 20 Juni

Naibu hakunikumbuka. Nikamweleza mlango wa kabati. Hakukumbuka mlango pia. Alinitolea fomu ya Neema na kalamu, akaniuliza tubadilishe nini. Nje kulikuwa na mstari wa wazazi, wote wana haraka.

Nikasema hakuna. Nilikuja tu kuona kama ameandika jina vizuri.

Saa kumi na mbili nikaenda kwa Rose. Nikamwambia nimeshindwa. Naibu amekataa, wala hanijui. Nimebembeleza, imegonga mwamba. Ni mara ya kwanza nimesema neno "nimeshindwa" mbele ya mtu. Kesho Mutua akilisikia, atalipeleka hadi Gikomba ya chini.

Jumamosi, 21 Juni

Nilidhani Rose atanigombeza. Asubuhi nimepita kwake, amenitengenezea chai ya maziwa, akaniwekea na mandazi mawili. "Angalau ulijaribu, kaka," akasema. Miaka yote nikisema nimeweza, hakuamini hata siku moja. Jana nimesema nimeshindwa, akaamini papo hapo.

Chai nimekunywa yote. Neema alikuwa ameshatoka, kwa Mwalimu Mutheu. Rose sikumwambia ni wapi.