Hotuba kwa askari

Shoga, nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Si unajua kikundi chetu kilinituma nimpelekee mwanajeshi mstaafu sweta na hotuba ya shukrani? Nimefika, getini kuna mzee kavaa sare, buti zinang'aa.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye askari?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi, mwaka wa kumi na nane huu."

Nikamtolea hotuba yote. Yote, shoga. Uliacha familia, ulitulinda tukiwa tumelala, taifa halitakusahau. Mzee akalia. Akavaa sweta palepale.

Kisha akajifuta machozi: "Haya, unakwenda nyumba ya nani?"

Mlinzi wa geti. Nimemhutubia mlinzi wa geti.

Nikaingia kwa mwanajeshi mwenyewe mikono mitupu, nikamweleza yaliyotokea. Amecheka mpaka mkewe kaja kumshika.

"Sweta mwachie, mimi ninayo manne. Ila hotuba naitaka. Anza upya."

Nikasimama. Neno halitoki hata moja. Ikabidi mlinzi aitwe anikumbushe.

Shoga, kaitoa yote, bila karatasi, kunishinda mimi. Mwanajeshi kasimama wima, machozi yanamtoka, kampigia saluti mlinzi.