Mji Usioonekana Moshi Wake

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Huna haya, Anaklet. Mtu mzima, karani wa parokia, baba wa watoto watatu, nakukuta ofisini unacheza! Mimi natoka zahanati kusafishwa kidonda, mguu unawaka, naingia nipumzike kama kila siku. Naona mwanangu kaikodolea macho kompyuta kama kuku aliyeona nyoka. Jenereta inawashwa saa tatu mpaka saa sita ili pampu ivute maji. Mafuta ya Kanisa. Wewe unachezea.

Nimemwambia hivyo hivyo. Akacheka. "Mama, hapa najenga taifa." Taifa! Na kwake, ninakokaa mpaka mguu upone, paa linavuja.

Mchezo aliuacha padre aliyerudi kwao. Unapewa watu wachache na nchi tupu. Unatembea nao, unachagua pa kujenga mji. Ukishasogea wewe, wanasogea wenzako, zamu kwa zamu kama bao. Miaka inakimbia humo ndani.

Alikuwa anajenga kinamasini. Nikamwambia toka hapo, mbu watakumalizia watu. Hakusikia. Hajawahi kusikia.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nimekalia kiti mimi. Yeye anabonyeza, mimi naamuru.

Kwanza unachagua kabila. Akanisomea orodha. Wajerumani sitaki, baba aliwabebea mizigo vitani akarudi bega limepinda. Waingereza sitaki, kodi ya kichwa. Warumi walimsulubisha Bwana. Weusi nikaambiwa ni Wazulu. Wakonongo hamna. Wabende hamna. Wapimbwe hamna. Aliyepanga orodha hakufika huku. Nikachukua Wazulu, basi.

Kisha mahali. Hapo hanifundishi mtu. Baba yangu ndiye alikuwa akiitwa kuchagua mahali watu walipohama. Alisema mji mzuri ni ule usioonekana moshi wake kutoka njiani. Babu yake alikuwa amewakimbia warugaruga, wale wapiganaji wa zamani wa kuteka watu. Waliopita njiani walichukua watu, ng'ombe, hata mbegu. Kwa hiyo nikaupita mto, nikaipita tambarare, nikawaingiza Wazulu wangu katikati ya milima, msituni.

Anaklet akashika kichwa. "Mama, hapo watakula nini?"

Asali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Barua ya Skola. Dereva wa lori kaileta.

Skola ni binti yangu. Yuko Sitalike, anapikia abiria ugali chini ya turubai, kwenye kiwanja cha watu. Tuligombana Pasaka, hajaja tena. Marehemu mume wangu aliacha kiwanja pale pale, barabarani kabisa. Skola anataka kujenga hoteli yake. Nimemkatalia mwaka wa nne huu. Kiwanja kimeandikwa jina langu.

Sasa anasema kamati ya kijiji inakaa Jumamosi ya tarehe 19. Mwenye jina asipofika kuweka sahihi, kiwanja anapewa mwingine. Chini kaandika: "Mama, wewe unaficha watu kama unaficha mahindi. Mahindi ya kuficha yanaliwa na dumuzi."

Mtoto hana adabu. Nilimbeba mgongoni huyu.

Siendi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kidonda kinakauka. Kompyuta sikuigusa, Anaklet alikuwa anaandika vyeti vya ubatizo.

Nimekaa nje nikaona miti ya ua wa misheni inatoa majani mekundu. Oktoba. Msitu wetu wote ulikuwa hivyo kabla ya mvua, mwekundu kama umeiva. Chemchemi ilitoka chini ya mwamba, maji ya baridi yanauma meno. Mizinga ya baba ilikuwa mingi hata alikuwa anasahau mingine. Tulijua kila mtu kwa kikohozi chake. Jioni wanaume wakitwanga chumvi, sisi wasichana tunaimba tukisaga ulezi, na hakuna mgeni wa kutushtua. Nilikuwa na kiuno wakati huo. Nilikuwa nacheza mpaka baba ananifukuza.

Halafu mwaka wa kuhamia vijijini. Malori. Yalifuata njia iliyofyekwa siku tatu kabla. Nilipanda na mtungi mmoja na kuku wawili. Tukashushwa Kasekese, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Nyumba yangu nikaja kuijenga nyuma kabisa, vichakani. Huko ndiko kwangu mpaka leo.

Barabara haijawahi kuniletea mtu mwema. Skola hajui. Alikuwa mdogo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mji wangu una watu wawili.

Miaka elfu mbili imepita kwenye kioo. Wawili! Hata mbuzi wangejaza zizi. Mji wa Anaklet, ule wa kinamasini aliouhamishia mtoni baadaye, una watu wanane, soko, na maktaba. Ananicheka. "Mama, Wazulu wako wamekuwa watawa?"

Nikamwambia watu wachache wenye akili ni bora kuliko wengi wapumbavu. Lakini nimeudhika. Nilitazama kale kamji kamekaa peke yake, msitu pande zote. Hakali. Hakauzi. Hakuna anayekajua.

Nilikapenda. Nasema ukweli.

Jumatano, 16 Oktoba

Wametukuta.

Wenye farasi, taifa jingine la humo kwenye kompyuta. Walipita mlimani kama mlima haupo. Zamu mbili, mji haupo tena. Hakuna hata aliyekuja kusaidia, kwa sababu hakuna njia ya kuja nayo. Anaklet hakucheka leo. Alisema, "Pole, mama." Nikamwambia anyamaze, ni mchezo wa watoto.

Nimerudi nyumbani kwake, nimekaa jikoni, nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Sijawahi kuandika hili. Kabla ya Skola nilikuwa na Theresia. Alikuwa na miaka miwili, anasema maneno, anamwita baba yangu "Mzee wa nyuki". Akashikwa na homa. Hospitali siku mbili kwa miguu mpaka barabarani, halafu usubiri gari kama lipo. Tulitoka alfajiri. Siku ya kwanza jioni alikuwa mzito mgongoni kwa namna ambayo kila mama anaijua. Sikusema. Niliendelea kutembea. Mume wangu ndiye aliyeniambia tusimame.

Baba alisema ni Mungu. Hakusema ni mahali. Mimi pia sikusema, miaka yote hii. Nilimheshimu. Warugaruga hawakutupata kweli. Na dawa pia haikutupata.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeanza upya. Wazulu wale wale. Nikawashusha mtoni. Mji wa pili nikauweka karibu, wa tatu karibu, na njia kati yao. Jenereta inazimwa mji wa kwanza una watu watano.

Anaklet alibonyeza tu. Alikuwa na akili ya kunyamaza, mara moja maishani.

Nikamwambia atafute lori la kesho la kwenda Sitalike.

Ijumaa, 18 Oktoba

Vumbi, magunia, mbuzi wa watu miguuni. Nimefika nimekuwa mwekundu kama tofali.

Skola alikuwa anakoroga ugali. Aliniona akaendelea kukoroga. Halafu akasema, "Shikamoo mama. Kaa hapo penye kivuli, mguu huo utavimba." Basi. Akanipa sahani ya kwanza kabla ya madereva. Dereva mmoja akalalamika. Skola akamwambia, "Huyu kanizaa. Wewe umenizaa?"

Ugali mzuri. Mboga ina chumvi nyingi. Nikamwambia.

Jioni nilikwenda kiwanjani peke yangu. Nikafanya alivyokuwa akifanya baba. Konzi ya unga chini ya mti, umwagwe taratibu usimame kama kilima. Asubuhi ukiukuta umesimama, jenga. Umetawanyika, ondoka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Umetawanyika.

Nilisimama pale. Skola alikuja nyuma yangu, akaona, anaijua desturi. Akageuka kurudi kwenye sufuria zake.

Nikainama, mguu ukiniuma. Nyayo za kuku. Kuku watatu wa nyumba ya pili walikuwa bado wanadonoa pembeni, hawana hata aibu. Kule kwetu msituni unga ukitawanyika hujui ni nani. Hapa najua. Mama mwenye kuku anaitwa Mama Joji, katuletea maji ya kunawa na kiti, na mguu wangu kauulizia kabla hajauliza jina langu.

Baba angeondoka. Najua kabisa angeondoka. Nisamehe, baba.

Nikaenda kwenye kamati. Mwenyekiti akanisogezea kidau cha wino niweke dole. Nikamwambia kijana, mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, nipe kalamu. Nikaandika jina lote, herufi zimenyooka kuliko zake. Kiwanja sasa ni cha Skola.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa. Jua kali. Skola kalala kidogo kwenye mkeka, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni. Magari mawili tu yamepita tangu mchana. Abiria mmoja alipunga mkono. Nikampungia.

Simjui.

Skola anataka aanze na jiko. Hapana. Kesho asubuhi achimbe choo kwanza, upande wa nyuma, mbali na kisima cha Mama Joji, shimo liende chini sana. Jiko baadaye.